TLC imepitwa na wakati kweli? Jibu kwa mwanafunzi anayetaka kupima dawa mseto bila HPLC

Kuna mwanafunzi wa famasia mwaka wa tatu, yuko chuo kimoja huko Kanda ya Ziwa, kaniandikia hivi: "Shikamoo mtaalamu. Projekti yangu ni kupima ubora wa dawa mseto ya malaria inayouzwa maduka ya dawa huku kwetu. Chuoni HPLC ipo ila ni mbovu muda mrefu, kilichopo ni pleti za TLC, taa ya UV na mzani mzuri. Mwenzangu ananiambia TLC ni teknolojia ya babu zetu, hakuna mtu ataichukulia siriasi, bora nibadili topiki. Nimesikia pia kuna vikadi vya karatasi vinapima dawa, navyo vikoje? Naomba ushauri."

Marahaba mdogo wangu. Kwa wasomaji wengine, TLC ni kromatografia, yaani mbinu ya kutenganisha vitu vilivyochanganyika, inayofanyika kwenye pleti yenye tabaka jembamba la unga wa silika: unadondosha sampuli chini, kiyeyusho kinapanda na kila kitu kinabaki kama doa mahali pake. HPLC ni mashine inayofanya kazi ya namna hiyo na kupima kiasi kwa usahihi zaidi. Topiki usibadili, ni nzuri na ina faida kwa watu, na pleti ulizonazo zinaweza kuibeba vizuri tu ilimradi ujue zinaona nini na zinapitwa na nini, maana hapo ndo wengi wanateleza, na kwa dawa uliyochagua wewe mtego wenyewe upo pale pale mlangoni, kwa hiyo naanza na huo.

Dawa mseto, hii ALu ambayo Tanzania imekuwa ikiitumia kama dawa ya kwanza kwa malaria isiyo kali tangu 2006, kidonge kimoja kina vitu viwili, artemetha miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120. Angalia boksi la pleti zako, kama zimeandikwa F254 maana yake ndani ya silika wamechanganya unga unaowaka kijani ukiwekwa chini ya UV ya nanomita 254, na kitu chochote kinachomeza mwanga huo kinatokea kama doa jeusi juu ya ukijani. Lumefantrini inaumeza sana, utaona doa zito la kuridhisha kabisa. Artemetha kwa maumbile yake haiumezi, kwa hiyo pale kwenye pleti ipo ila huioni. Sasa chukulia mtu katengeneza kidonge chenye lumefantrini tupu, au artemetha kaweka robo ya inayotakiwa, wewe umewasha taa, umeona doa limekaa mahali pake, ukaandika "imepita". Hapo umepitisha dawa isiyo na kile kitu kinachoshusha vimelea haraka, na mtoto anayepewa hiyo dawa usiku ana homa ndo anabeba matokeo ya kalamu yako.

Kinachotakiwa ni kuipaka rangi. Ukishaangalia kwa UV na kuzungushia madoa penseli, kausha pleti vizuri, itumbukize haraka kwenye asidi ya salfuriki iliyochanganywa na methanoli, ikauke, halafu ipashe kwenye hotpleti, ndipo doa la artemetha linajitokeza kwa rangi. Utaratibu wenyewe na vipimo vya viyeyusho upo kwenye Famakopia ya Kimataifa ya WHO, yaani kitabu cha viwango vya ubora wa dawa, inasomeka bure mtandaoni, fuata hiyo, usichukue risipe ya mtu kwenye grupu la WhatsApp. Tumia pleti zenye mgongo wa alumini, zinavumilia moto na zinakatika kwa mkasi, za plastiki zikipashwa zinajikunja. Na hiyo kazi ifanyike ndani ya kabati la kufyonzea hewa, miwani na glavu umevaa, asidi moto haina urafiki na mtu.

Jambo hili la kutoona sio la malaria peke yake. Mwaka 2022 WHO walitoa tahadhari kuhusu dawa za kikohozi za watoto Gambia, watoto zaidi ya 60 walikufa, na ndani ya dawa kulikuwa na kemikali za sumu, daiethilini glaikoli na ethilini glaikoli. Hivyo viwili navyo chini ya UV havionekani, ukiangalia kwa taa tu unaona pleti safi. Unajua WHO walichofanya baada ya pale? Waliweka kwenye famakopia yao utaratibu wa hatua mbili, wa kwanza ni TLC ya kuchuja sampuli nyingi kwa haraka, halafu zile zinazotiliwa shaka ndo zinapanda kwenye mashine ya gesi kromatografia. Kwa hiyo mwenzako akikwambia hakuna anayeichukulia siriasi, mwambie kwenye janga la watoto kufa TLC ndo iliwekwa mstari wa mbele, miaka hii hii.

Na hilo la babu zetu, umri wake ni kweli, na mimi naona ni sifa. Mwaka 1938 pale Kharkiv, Izmailov na Shraiber walipaka tabaka jembamba la alumina kwenye vioo vya maikroskopu wakadondosha dondoo za dawa za mimea kuona zina nini, yaani mbinu hii tangu siku ya kwanza ilizaliwa kwa ajili ya famasia. Miaka sita baadaye Consden, Gordon na Martin, Uingereza, wakatumia karatasi kutenganisha asidi amino, na kromatografia ya karatasi ikasaidia sana kufumbua protini zimejengwaje. Martin na Synge walipata Nobel 1952 kwa kromatografia. Kuanzia 1956 Egon Stahl wa Ujerumani akaiweka TLC kwenye viwango, silika ya aina moja, unene mmoja, ndo maana leo unanunua boksi na kila pleti inafanana na mwenzake.

Tangu hapo kilichosonga mbele ni vitu kadhaa, na kimoja nakipa uzito kuliko vyote kwa mtu anayefanya kazi karibu na ziwa au pwani, nacho ni unyevu. Wenzetu wana kitu kinaitwa HPTLC, kanuni ni ile ile ila chembe za silika ni ndogo, maikromita 5 hadi 6 badala ya 10 hadi 12 za kawaida, tabaka ni jembamba zaidi, sampuli inapulizwa na mashine kama kijimstari cha milimita 8 badala ya kudondoshwa kwa mkono, na kiyeyusho kinapanda sentimita 6 au 7 tu kazi imeisha. Ukisikiliza watu wanasifia mashine utadhani siri iko kwenye kupuliza, lakini ukisoma taratibu zao unakuta wanabana sana mambo ambayo wewe unaweza kuyabana bila hela nyingi. Silika inavuta maji ya hewani, na ikishiba maji inapungua nguvu ya kushikilia vitu, madoa yanapanda juu zaidi. Kwa hiyo pleti ya asubuhi ya mvua na pleti ya mchana wa jua kali, sampuli moja, kiyeyusho kimoja, zinakupa Rf (umbali doa lilipopanda ukigawa kwa umbali kiyeyusho kilipopanda) tofauti, unaanza kudhani dawa ni feki kumbe ni hali ya hewa ya Mwanza. Watu wengi wanapasha pleti kwenye oveni kisha wanajiona wamemaliza, ila pleti ikitoka kwenye oveni inaanza kunywa unyevu upya palepale unapoidondoshea sampuli. HPTLC wanachofanya ni kuikalisha pleti kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 33 kabla ya kuipandisha, na hiyo asilimia 33 inapatikana kwa kitu rahisi sana, mchanganyiko wa magnesiamu kloridi iliyoyeyushwa kwenye maji mpaka chumvi inabaki chini haiyeyuki tena. Tafuta ndoo au kontena la plastiki linalofunga vizuri, weka hiyo chumvi kwenye bakuli ndani, pleti iliyokwisha kudondoshewa sampuli na kukauka ikae humo kama nusu saa hadi dakika 45, halafu ipeleke kwenye tangi, kile chombo chenye kiyeyusho cha kupandisha pleti. Hilo tangi nalo liwe na karatasi ya kuchujia ukutani imelowa kiyeyusho, lifunikwe dakika 20 mvuke ujae kabla hujaweka pleti. Fanya hivyo na Rf zako zitatulia kiasi utashangaa.

Rf kwenyewe unajua, doa limepanda milimita 33, kiyeyusho kimepanda 60, unapata 0.55. Ila usije ukaitambua dawa kwa namba hiyo peke yake ukilinganisha na kitabu. Standadi, yaani dawa halisi ya kulinganishia ambayo kiasi chake kinajulikana, iwe kwenye pleti hiyo hiyo, jirani na sampuli, kila pleti bila kuacha. Mstari wa kuanzia chora kwa penseli, wino wa peni unapanda na kiyeyusho na kuchafua kila kitu.

Sasa kuhusu kiasi, yaani kidonge kina dawa ya kutosha au imepunjwa. Hapa lazima uijue Minilab. Ni masanduku ya maabara ndogo yaliyobuniwa na taasisi ya Kijerumani inayoitwa Global Pharma Health Fund, yana TLC na kipimo cha kidonge kuvunjika ndani ya maji ya nyuzi 37 kwa dakika 30, na Tanzania mamlaka ya dawa, wakati huo TFDA kabla haijawa TMDA mwaka 2019, walianza kuyatumia mipakani na bandarini mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mpangilio wa pleti yao unafaa uuige moja kwa moja: pleti ya sentimita 5 kwa 10, njia nne, kushoto standadi ya asilimia 100, katikati sampuli mbili, kulia standadi ya asilimia 80. Kwa ALu hiyo 80 maana yake ni sawa na miligramu 16 za artemetha na 96 za lumefantrini kwa kidonge. Sampuli ikiwa na doa hafifu kuliko la asilimia 80, au doa halipo, au kuna doa la ziada lisilohusika, inaangushwa. Pleti moja kubwa ya 20 kwa 20 ukiikata unapata nane za namna hiyo, kwa hiyo boksi moja linakwenda mbali.

Lakini shika hili na uliandike wazi kwenye ripoti yako: famakopia inataka kidonge kiwe na asilimia 90 hadi 110 ya kilichoandikwa kwenye boksi. Jicho lako linalinganisha na 80. Kidonge chenye asilimia 85 kitapita kwako na kitaangushwa na HPLC. Kwa hiyo ukipata sampuli zote zimepita, huruhusiwi kuandika "dawa zote zina ubora", andika kwamba hazikuonekana kuwa feki wala kupunjwa sana, basi. Pia pleti haikwambii kama dawa inayeyuka vizuri tumboni, kidonge kinaweza kuwa na dawa yote ndani na kisiiachie, hilo ni kipimo kingine kabisa.

Hilo pengo la kati ya 80 na 90 unaweza kulipunguza kwa simu yako, na hapa ndo naona maendeleo ya kweli kwa watu wa maabara zetu. Zamani kupima uzito wa doa kulihitaji mashine inayoitwa densitomita, ghali. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tübingen wakatoa programu ya simu inaitwa TLCyzer, msimbo wake uko wazi kwa yeyote, inapiga picha ya pleti chini ya UV na kukokotoa kiasi cha dawa kwa kulinganisha na madoa ya standadi. Hata bila hiyo, ImageJ ni programu ya bure ya kompyuta, inapima weusi wa doa vizuri. Sharti ni picha. Simu za siku hizi zinarekebisha mwanga zenyewe, zinang'arisha hapa, zinafifisha pale, na kwa selfie ni sawa lakini kwa kipimo ni balaa, kwa hiyo funga ekspoja, zima HDR, piga ndani ya boksi jeusi, simu imesimama kwenye kitu haitikisiki, taa mahali pamoja siku zote. Usitumie standadi moja ukachora mstari kutoka sifuri, kwenye TLC uhusiano wa kiasi na weusi sio mstari ulionyooka, unapinda, ndo maana unaweka standadi tatu au zaidi zinazoizunguka sampuli, mfano 70, 100 na 130, na unabaki humo humo katikati. Kila sampuli idondoshe zaidi ya mara moja, kwa kapilari ya ujazo unaojulikana, maikrolita 2 inatosha, doa la kuanzia liwe dogo. Na UV ya 254 inaunguza macho, ukichungulia vaa miwani ya kinga.

Kingine cha kuangalia sana ni hatua ya kutoa dawa kwenye kidonge. Lumefantrini maji haiyataki kabisa na kwenye methanoli tupu inayeyuka kidogo tu, ukikurupuka utaacha nusu ya dawa kwenye masalia ya unga kisha umsingizie mtengenezaji. Chagua kiyeyusho kama famakopia inavyosema, tikisa vya kutosha, chuja, halafu jithibitishie: chukua kidonge unachokiamini, pima, uone kama unarudishiwa asilimia karibu na 100. Ukipata 70 tatizo ni utoaji wako.

Haya, vikadi vya karatasi. Vipo, na ni kazi nzuri. Mwaka 2007 kundi la Whitesides pale Harvard walionyesha kwamba unaweza kuchora mifereji kwenye karatasi ya kromatografia kwa kuta zisizopitisha maji, mkojo ukapanda wenyewe na kukupa rangi ya glukosi na protini, bila pampu wala umeme. Miaka miwili baadaye wakawa wanachapa kuta hizo kwa printa ya nta, unapasha karatasi, nta inazama ndani, kadi imekamilika. Kwa upande wa dawa, Chuo Kikuu cha Notre Dame Marekani pamoja na wenzao wakatengeneza kadi yenye njia 12, kila njia ina rijenti zake (kemikali za kutoa rangi) zimekaushwa, unapaka unga wa kidonge kwa kukwaruza katikati ya kadi, unachovya ukingo wa chini kwenye maji, ndani ya dakika chache kila njia inatoa rangi yake na unapiga picha. Kadi hizo zimefanyiwa kazi Kenya pia, upande wa Eldoret. Uzuri wake mkubwa kwangu ni kwamba zinaona na vijazio, ukiwa na kidonge cha wanga mtupu njia yenye iodini inageuka bluu nyeusi palepale, chaki nayo ina njia yake. Kwa amoksilini na jamaa zake zinafaa sana kwa uchunguzi wa kwanza hata pale kaunta ya duka.

Kwa dawa yako sikushauri. Fikiria inavyofanya kazi, anayebeba dawa kuipeleka kwenye rijenti ni maji, na nimeshakwambia lumefantrini na maji haviivi, artemetha vile vile haiyeyuki majini. Kuna kadi zilizotengenezwa kwa ajili ya atesuneti, kundi la Oregon State walichapisha yao 2014, lakini hiyo ni dawa nyingine kikemia. Tena kadi nyingi za namna hii hazitenganishi vitu, zinaonyesha rangi tu kama kitu fulani kipo, ila kupambanua asilimia 100 na 80 ni kazi ngumu kwake. Karatasi iliyokwenda mbali zaidi ni ile ya maabara ya Cooks, Purdue, 2010, wanakata pembetatu ya karatasi, wanadondosha sampuli na kiyeyusho kidogo, wanapitisha volti elfu kadhaa, ncha inapuliza dawa moja kwa moja ndani ya masi spektromita, mashine inayotambua vitu kwa uzito wa molekuli zake. Ni nzuri ajabu ila masi spektromita ndo hiyo huna, kwa hiyo iweke kwenye sura ya pili ya ripoti yako, kwenye mapitio ya kazi za wengine.

Kama ukipenda kusoma mbele zaidi, mfuatilie Gertrud Morlock wa Giessen. Kundi lake wanapulizia pleti bakteria wanaong'aa, doa lenye sumu linawazima unaliona jeusi, yaani pleti inakwambia kitu kina madhara hata kabla hujakijua jina, na mwaka 2022 wakatoa michoro ya kifaa cha HPTLC unachoweza kujitengenezea kwa printa ya 3D. Chuo chenu kikiwa na vijana wa umeme na mekaniki wanaotafuta projekti, hiyo wapelekee.

Kuhusu standadi, hapo ndo hela itakwenda, anza kuitafuta sasa. Ukikosa standadi ya famakopia, omba kiwanda au maabara inayoaminika wakupe unga wenye cheti cha uchambuzi na utaje hivyo kwenye ripoti. Usitumie kidonge cha dukani kama standadi, hata kama kampuni ni kubwa.

Na panga mapema utafanya nini sampuli ikianguka, maana inaweza kutokea. Nunua vidonge vya kutosha ili vibaki, viache kwenye blista zake, andika namba ya bechi, tarehe ya kuisha muda, siku uliyonunua, na joto la mahali ulipovihifadhi. Rudia kipimo siku nyingine na pleti nyingine. Ikianguka tena, wewe na msimamizi wako pelekeni taarifa TMDA, maabara yao ya Dar es Salaam imetambuliwa na WHO tangu 2011 na wana mashine za kuthibitisha. Jina la duka au la kampuni usiliweke mtandaoni kwa ushahidi wa pleti peke yake, muuzaji wa dukani mara nyingi naye kauziwa tu, na ukikosea umeharibu riziki ya mtu na umewafanya wagonjwa waogope dawa nzima.

Kabla hujaenda kununua dawa hata boksi moja, endesha pleti ya standadi peke yake, 70, 100 na 130, moja siku ya mvua na moja siku ya jua, bila lile kontena la chumvi na ukiwa nalo. Nitumie picha zote, za UV na za baada ya asidi, pamoja na vipimo vya Rf, tuone kama mkono wako umetulia ndo tuzungumze idadi ya sampuli.